Kabla ya kanuni ya Hess, chora kwanza chombo

Nafundisha kemia kidato cha tano na cha sita, na kila mwaka mada ya joto la mmenyuko, yaani joto linalotoka au kuingia vitu vinapobadilika kikemia, ndiyo inayowatoa wanafunzi jasho. Nami nilipita humo humo: nilikariri wapi niweke alama ya kutoa na wapi ya kujumlisha, swali likigeuzwa kidogo nakwama. Kilichonifungua ni kusoma jinsi watu wa mwanzo walivyolipima joto lenyewe. Kwa hiyo usishike fomula kabla hujajua ni kitu gani kilipimwa, na kwa chombo gani.

Anzia Paris, majira ya baridi ya 1782 kuingia 1783. Wanasayansi Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace walikuwa na chombo chenye kikapu katikati, kimezungukwa na tabaka mbili za barafu. Kikapuni waliweka mkaa unaowaka, na safari nyingine simbilisi aliye hai. Tabaka la ndani lilipokea joto na kuyeyuka, maji yakachuruzika chini, wakayapima uzito. Tabaka la nje kazi yake ilikuwa moja tu: kuzuia joto la chumba lisifike ndani. Simbilisi aliyeyusha wakia 13 hivi za barafu kwa saa kumi, nao wakaona kuwa kupumua ni kuungua kwa polepole. Na kinachonigusa zaidi ni kwamba hawakuwa wameamua joto ni nini, kimiminika au mwendo wa chembe. Walieleza mawazo yote mawili, wakaendelea kupima.

Chora chombo hicho kwa mkono wako, uweke mishale ya joto. Wanafunzi wangu wakishachora, alama ya kutoa haiwasumbui tena: joto limetoka kikapuni, basi kikapu kimepungukiwa.

Ndipo uende St. Petersburg, 1840, kwa mwanakemia Germain Hess. Alichukua asidi ya salfuriki, akaichanganya na maji kwa viwango tofauti, kisha akaondoa uasidi wake kwa amonia. Asidi iliyotangulia kutiwa maji mengi ilitoa joto dogo ilipokutana na amonia, lakini ukijumlisha na lile lililotoka wakati wa kutia maji, hesabu inarudi pale pale. Kanuni ya Hess yote iko hapo: jumla ya joto ni ile ile, upitie njia ipi. Rudia hesabu hiyo mwenyewe kwa namba za kitabu chako, njia mbili, mpaka zilingane.

Baadaye mwanakemia Marcellin Berthelot alishikilia kwamba mabadiliko ya kemia yakijiendea yenyewe huelekea kule kunakotoa joto jingi zaidi. Usilimeze wazo hilo, maana wanafunzi wengi bado wanalo kichwani. Tia vijiko viwili vya mbolea ya urea kwenye kikombe cha maji, koroga, halafu kishike. Kinakuwa baridi, na urea imeyeyuka bila kupashwa moto. Kwa nini? Hapo ndipo entropi, kipimo cha jinsi chembe na nishati zinavyotawanyika, inapoingia, nayo nitaiandikia makala yake.