Lipa taslimu, lakini usikombe akiba yote

Mhariri ameuliza wiki hii: anayetaka gari alipe taslimu au akope? Kwa gari la matumizi ya nyumbani, jibu langu ni taslimu, ilimradi fedha hizo zisiwe ndizo akiba yake yote.

Sababu yangu kubwa ni namna riba inavyokokotolewa. Tuseme umekopa milioni 10 kwa miaka 4, riba asilimia 10 kwa mwaka. Riba ikitozwa kwenye salio linalopungua kila unapolipa, utarejesha takribani milioni 12.2. Asilimia hiyohiyo ikitozwa kila mwaka juu ya milioni 10 zote, hata ukiwa umesharejesha nusu, utalipa milioni 14. Kwa hesabu ya salio linalopungua, hiyo ni riba ya zaidi ya asilimia 17. Inaniuma kuona watu wanauliza tu, "Kwa mwezi ni shilingi ngapi?" Rejesho la mwezi ni rahisi kulishusha: muuzaji anaongeza miaka, nawe unalipa zaidi. Uliza jumla ya kila utakachotoa hadi siku ya mwisho, pamoja na ada na bima, na upewe kwa maandishi.

Tena gari hushuka thamani upesi zaidi mwanzoni. Ukitanguliza kidogo na kukopa kwa muda mrefu, deni linaweza kuzidi thamani ya gari lenyewe. Likiharibika kabisa kwa ajali, kwa kawaida bima hulipa thamani yake ya wakati huo, na deni linalobaki ni lako.

Mikopo ya "riba sifuri" nayo ichunguzwe. Muulize muuzaji: anayelipa taslimu anauziwa kwa bei gani? Akipunguziwa, basi punguzo unalolikosa ndiyo riba yako. Kama bei ni moja kweli na hakuna ada iliyofichwa, kopa bila wasiwasi, fedha zako zikae benki.

Ninachokikataa ni kumaliza akiba ili tu usidaiwe. Mtoto akiugua mwezi unaofuata utakimbilia mkopo wa dharura, ambao mara nyingi ni ghali kuliko ule wa gari. Mwenye hali hiyo ni afadhali atangulize sehemu kubwa, akope kidogo kwa muda mfupi, au anunue gari la bei ya chini.

Gari la biashara lina hesabu yake. Huko mkopo unafaa ikiwa mapato ya miezi mibaya, baada ya kutoa mafuta, matengenezo, bima na ujira wa dereva, bado yanatosha rejesho. Wengi hupigia hesabu miezi mizuri, na hapo ndipo magari yanapokamatwa.

Na kabla hujatia saini, tafuta kipengele cha kumaliza deni mapema. Kuna mikataba inayotoza faini, na mingine hukudai riba ya miaka ambayo hutakuwa na deni.