Bweni au kutwa, kwa mtoto anayeishi karibu na shule

SWALI: Kijana wetu wa miaka 16 anasoma kutwa katika shule ya zamani ya kimataifa iliyoko Barabara ya Lema, hapa Moshi, na mwakani anaanza miaka miwili ya diploma ya International Baccalaureate (IB), yaani mtaala wa kimataifa wa miaka miwili ya mwisho ya sekondari. Baba yake, ambaye alilelewa bweni, anataka ahamie huko. Mimi naona ni kuongeza ada bure, maana nyumbani ni mwendo wa robo saa. Tena nahofia diploma hiyo itamkwamisha akitaka kusomea udaktari hapa nchini. Naombeni ushauri.
Mama Kijana, Moshi

JIBU: Mama Kijana, shule hiyo ilianzishwa mwaka 1969 ili watoto wa wataalamu waliokuja kuitumikia Hospitali ya KCMC wapate mahali pa kusoma, na tangu mwaka 2019 imo katika umoja wa United World Colleges, ambao huwapeleka vijana waliochaguliwa na kamati za nchi zao kusoma pamoja katika miaka hiyohiyo ya diploma. Kwa hiyo baba yake ana hoja: maongezi ya jioni bwenini, baina ya vijana waliotoka nchi mbalimbali, ni sehemu ya yale mnayoyalipia.

Hata hivyo, asimpeleke kwa sababu tu yeye mwenyewe alipelekwa. Mimi nililala bweni nikiwa na miaka 13, karibu na kwetu kiasi kwamba alfajiri, nikiwa kitandani na ufunguo wa tranka shingoni, niliisikia adhana ya msikiti wa mtaani kwetu na kujua kuwa mama ameshaamka. Machungu ya kuwa karibu na nyumbani bila kuwa nyumbani sijayasahau. Wa miaka 16 anaweza kuyamudu, lakini aulizwe kwanza.

Diploma yenyewe ni nzito: masomo sita, kila moja likiwa na alama zisizozidi 7, pamoja na alama 3 za insha ya maneno 4,000 na somo la nadharia ya maarifa, jumla 45, juu ya hayo kuna shughuli za ubunifu, michezo na huduma kwa jamii. Kazi nyingi hufanywa usiku. Ikiwa nyumbani ana meza yake na utulivu, wala hatumwi dukani kila saa, abaki kutwa. Ikiwa sebule ndiyo chumba chake cha kusomea, bweni litamfaa zaidi.

Kuhusu udaktari, hofu yako ina msingi, ila tatizo si cheti, kwani Baraza la Mitihani la Tanzania hupima vyeti vya nje na kutoa ulinganifu wake. Kinachokwamisha ni uchaguzi wa masomo: vyuo vyetu hudai fizikia, kemia na baiolojia, ilhali katika mpangilio wa kawaida wa diploma mwanafunzi huchukua sayansi moja au mbili, na ya tatu huhitaji kibali maalumu. Nendeni wote watatu kwa mratibu wa diploma kabla kijana hajajaza fomu ya masomo, na mkiwa huko mwombeni mlezi wa bweni awaonyeshe vyumba, kijana akiwa mbele yenu.