Mkimbiaji wa mwisho naye apate maji

Msimu wa marathoni kubwa za mijini ukikaribia, barua zenu huwa za aina mbili: za wanaokwenda kukimbia na za wanaotaka kusaidia siku hiyo. Safari hii nimezichanganya kwa makusudi. Nimesimama pande zote mbili za meza ya maji, na naamini kila upande unahitaji kuujua mwingine.

Nimepata nafasi ya kukimbia marathoni yangu ya kwanza. Imebaki miezi mitano, na kwa sasa namudu kilomita 10 bila kusimama. Nitaweza?

Utaweza, ilimradi uanze wiki hii na usiwe na pupa. Ratiba nyingi za wanaoanza huchukua wiki 16 hadi 20, kwa hiyo muda unao. Kimbia siku nne kwa wiki, na siku moja kati ya hizo iwe ya mbio ndefu unayoirefusha kidogo kidogo mpaka kilomita 30 au 32. Mwendo wake uwe ule wa kupiga soga na mwenzako. Maneno yakianza kukatika kwa kuhema, umezidisha.

Wiki mbili tatu za mwisho, punguza. Hapo ndipo wengi huharibu. Wanaona miguu imelala, wanaingiwa na hofu, wanatoka kujipima nguvu, na siku yenyewe wanafika wamechoka kabla mbio hazijaanza. Jambo lingine: kiatu, soksi au kifungua kinywa ambacho hukukijaribu mazoezini usikijaribu siku ya mbio. Pakaa mafuta ya mgando kwapani, mapajani na kwenye chuchu. Wanaume nawaambia ninyi hasa, kwa maana nimeona fulana nyingi zenye michirizi miwili ya damu.

Shikamoo mwalimu. Nina miaka 19. Niliomba kukimbia, bahati nasibu ya kugawa nafasi ikanikataa. Nimeambiwa naweza kujitolea, ila sijui lolote la riadha. Nitafanya nini pale?

Marahaba, mwanangu. Nenda, na ukiulizwa unataka kazi gani, omba kituo cha maji, tena kile cha mbali, kuanzia kilomita ya 30 na kuendelea. Kule ndiko mtu anakuhitaji kweli.

Kazi huanza gizani. Meza hupangwa kwenye mstari mrefu, vikombe vya karatasi vinajazwa nusu tu, kisha mnatandika kadibodi juu yake na kupanga tabaka la pili, halafu la tatu. Kwa nini nusu? Kikombe kilichojaa humwagikia mkono wa anayekimbia, na yeye anahitaji mafunda mawili matatu tu.

Namna ya kukishika nilifundishwa na mama mmoja aliyekuwa na miaka mingi katika kazi hiyo. Siku ya kwanza nilikuwa namsogezea mkimbiaji kikombe kama ninayemkaribisha mgeni chai, naye anakipiga kumbo, maji yote chini. Mama yule akanishika kiwiko. “Usimpe,” akasema. “Mshikie. Atakichukua mwenyewe.” Akanionyesha: kikombe kwa ncha za vidole, karibu na ukingo wa juu, mkono umenyooka pembeni, macho kwa mkimbiaji. Akikigusa, mkono wako unarudi nyuma kidogo kufuata mwendo wake, halafu unaachia. Baada ya hapo sikumwaga hata kimoja kwa dakika nzima, na nikaona nimejifunza jambo kubwa.

Mengine ni sauti na macho. Taja ulichoshika: “Maji! Maji!” Mwenye kinywaji cha chumvi na sukari ataje chake, maana mtu akijimwagia kichwani kinywaji cha sukari akidhani ni maji, atanata mpaka mwisho. Wakimbiaji husongamana kwenye meza ya kwanza; waelekeze kwa mkono wasogee mbele kwenye meza zilizo tupu. Fagia vikombe kila umati unapopungua, kwa sababu karatasi iliyolowa huteleza vibaya. Ukimwona mtu anayumba, au anajibu maneno yasiyoeleweka, usimshangilie aendelee. Tembea naye, ita huduma ya kwanza.

Sasa hili nakuomba kwa dhati: usiondoke mapema. Mwaka mmoja niliumia goti nikaanza kutembea. Nilipofika kituo cha kilomita ya 38, meza zilikuwa zimekunjwa, vikombe vimesambaa lami nzima, maji hakuna. Mbio zilikuwa bado hazijafungwa. Kiu ile haikuniuma kama kule kuona kwamba watu walishaamua hakuna anayekuja. Mshindi hupita kituoni kwako chini ya saa mbili tangu kuanza, na mara nyingi ana chupa zake maalumu. Kikombe chako hakihitaji. Anayekihitaji ni yule anayepita saa ya sita tangu kuanza.

Na nafasi yako ya kukimbia inaweza kupatikana kwa njia hiyo hiyo. Waandaaji wa marathoni ya New York, kwa mfano, wana utaratibu ambao mwanachama wao akikimbia mbio zao tisa na kujitolea mara moja ndani ya mwaka, anapata nafasi katika marathoni ya mwaka unaofuata bila bahati nasibu. Waulize waandaaji wa mbio unazozitaka kama wana kitu cha namna hiyo.

Saa yangu iliniandikia kilomita 42.8. Kwani walipima vibaya?

Hapana, ni wewe uliyezunguka zaidi. Umbali rasmi ni kilomita 42.195, uliotokana na Olimpiki ya London ya mwaka 1908 na kuwekwa kuwa kanuni mwaka 1921. Njia iliyothibitishwa hupimwa kwa baiskeli yenye kihesabio kwenye gurudumu la mbele, ikifuata mstari mfupi kuliko yote, sentimita 30 kutoka ukingo wa kona. Tena wapimaji huongeza mita moja kwa kila kilomita ili njia isije ikawa fupi kwa bahati mbaya. Mara nyingi mstari huo huchorwa barabarani kwa rangi ya buluu. Ukikata kona kwa nje, ukipishana na watu kulia na kushoto, ukavuka barabara kufuata maji, mita zinajilimbikiza. Na majengo marefu huichanganya saa inayosoma setelaiti. Amini vibao vya kilomita.

Mpaka kilomita ya 30 nilikuwa vizuri kabisa, halafu miguu ikakataa. Tatizo mazoezi?

Huenda, lakini kwanza tufanye hesabu ya mafuta kwenye tangi. Misuli na ini huhifadhi wanga wa kutoa takribani kalori 1,600 hadi 2,000. Kukimbia hula kama kalori moja kwa kila kilo ya uzito wako kwa kila kilomita moja. Mtu wa kilo 65 anahitaji kama kalori 2,700 kumaliza. Mwili huchoma pia mafuta yake wenyewe, yaani shahamu, ila kadiri unavyokimbia kasi ndivyo unavyotegemea wanga zaidi. Ndiyo maana anayeanza kwa mbwembwe, akibebwa na kelele za watu, hulipia kati ya kilomita ya 30 na ya 35.

Dawa ni mbili. Anza polepole kuliko moyo unavyotaka, hasa kilomita tano za mwanzo. Na kula njiani kabla hujasikia njaa: gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, kuanzia nusu saa ya kwanza au muda mfupi baada yake. Tumbo nalo lizoeshwe mazoezini. Kama mbio zako zina watu wa kushika kasi, wale wenye bendera iliyoandikwa muda, mfuate mwenye muda wako wa kweli na usimpite katika nusu ya kwanza.

Ninywe maji kila kituo ili nisipungukiwe?

La. Kunywa ukisikia kiu. Ushauri wa zamani wa kunywa kabla ya kiu umeumiza watu. Mwili ukijaa maji kuliko unavyotoa, chumvi ya damu, yaani sodiamu, inashuka, ubongo unavimba, na mtu anaweza kufa. Katika marathoni ya Boston ya 2002 watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 mwishoni. Asilimia 13 walikuwa na sodiamu iliyoshuka chini ya kawaida. Walio hatarini zaidi ni wale waliotumia muda mrefu njiani na wale walioongezeka uzito wakati wa mbio. Soma tena: walikimbia marathoni wakamaliza wakiwa wazito kuliko walivyoanza. Jihadhari pia na dawa za maumivu kama ibuprofeni siku hiyo, kwa sababu huzielemea figo na huongeza hatari hiyo hiyo.

Ninyi wa mezani, msimlazimishe mtu kunywa.

Rafiki yangu ameumia. Amesema nichukue namba yake ya kifuani nikimbie badala yake.

Usichukue. Ukianguka, wahudumu wa afya watasoma namba hiyo na kutibu kwa kumbukumbu za mtu mwingine, kisha watampigia simu mama ambaye si wako. Waandaaji wengine huruhusu kubadilisha jina rasmi. Fuateni njia hiyo. Na ukipata namba yako mwenyewe, geuza nyuma yake ujaze simu ya ndugu, dawa unazotumia na mzio ulio nao. Watu huacha pale patupu.

Nimepangwa kugawa medali kwenye mstari wa mwisho. Kuna la kujua zaidi ya kutabasamu?

Lipo, nalo ni zito. Waambie watembee. Mtu anapokimbia, misuli ya miguu husukuma damu kurudi moyoni. Akisimama ghafla, damu hubaki miguuni, shinikizo hushuka, anadondoka. Wengi wanaozirai mwishoni huzirai baada ya kuuvuka mstari, mbele yako wewe mwenye medali. Mvishe huku mnatembea, mpe blanketi lake la karatasi inayong'aa kama fedha. Akilegea, mlaze, inua miguu yake juu, ita daktari. Asipozinduka mara moja, au akiwa hasemi sawasawa, hilo si suala la kusubiri.

Nina miaka 63. Nimefanya mazoezi mwaka mzima, lakini naogopa aibu ya kuwa wa mwisho, watu wote wameshaondoka. Niache?

Shikamoo, mama. Usiache. Kwanza soma muda wa kufunga barabara, kwa sababu kila marathoni ya mjini ina wakati ambapo magari hurudishwa, na gari la mwisho hupita kuwachukua walio nyuma ya muda huo. Gawa muda huo kwa kilomita, ujue mwendo unaokutosha, kisha ujizoeze mwendo huo. Panga kutembea kidogo kila kituo cha maji tangu mwanzo, usingoje mpaka ushindwe.

Kuhusu aibu: mwaka 1970 marathoni ya kwanza ya New York ilianza na watu 127, wakamaliza 55. Siku hizi humaliza zaidi ya 50,000, na wengi wao hawakwenda kushindana na yeyote. Na mwaka 1968 katika marathoni ya Olimpiki kule Mexico, Mtanzania John Stephen Akhwari alianguka, akaumia goti na bega, akaingia uwanjani mguu umefungwa bendeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alikuwa wa mwisho kati ya waliomaliza, wa 57. Miaka yote hii watu bado wanamtaja Akhwari. Sijawahi kusikia anayemtaja wa 56.

Mwaka huu sikimbii. Nimeomba kituo cha kilomita ya 35, na meza yangu haikunjwi kabla ya gari la mwisho kupita. Ukifika, mama, usisimame. Chukua kikombe mkononi mwangu, bana ukingo wake kwa vidole viwili, kunywa funda moja, tembea.