Ukienda kutafuta kitu kwenye nyaraka za chuo, anza na mtu na ofisi yake

Juzi mdogo wangu mmoja wa mwaka wa tatu kanitumia meseji usiku, kachoka kabisa, anasema ameshinda maktaba pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, siku nne mfululizo anatafuta habari za maisha ya wanafunzi wa zamani na hajapata kitu, sasa anataka abadilishe mada. Nikamwambia usibadilishe chochote kwanza. Maana hapo alipokwama ndo nilipokwama mimi wakati naandika tasnifu ya masters, nikapoteza karibu mwezi mzima, nauli ya daladala Mbagala mpaka Mwenge alafu Mwenge mpaka chuo kila siku, narudi nyumbani mikono mitupu.

Mi nilikuwa nataka ule mgomo wa 1966. Kwa wasioujua, tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana mpaka Ikulu kupinga masharti ya kwenda JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), Mwalimu Nyerere akakasirika akawarudisha makwao karibu 400, na siku hiyohiyo akatangaza kukata mishahara ya vigogo kuanzia na wa kwake asilimia 20. Sasa mimi nimezoea gugo, unaandika neno linakuja, kwahiyo nikaingia na neno "mgomo", nikajaribu "maandamano", nikajaribu "JKT", nikajaribu kwa Kiingereza, kinachotoka ni vitabu tu ambavyo nilishavisoma. Nikajisemea basi hamna.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja mkutubi, mtu mpole sana, alikuja pale mezani akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, siku ile nani alishika kalamu?" Sikumwelewa. Akanieleza taratibu kwamba nyaraka hazipangwi kwa mada kama vitabu, zinapangwa kwa aliyeziandika au ofisi iliyozitunza, na zinaachwa kwa mpangilio uleule zilivyotoka masjala, yaani chumba cha kutunzia majalada ya ofisi. Hakuna karani aliyefungua jalada likaitwa "Mgomo". Kuna ofisi ya Mkuu wa Chuo, kuna ya mshauri wa wanafunzi, kuna walezi wa mabweni, kuna mhasibu. Akaniuliza tena, wanafunzi wote hao wakiondoka ghafla, mkate na nyama vilivyokuwa vimeagizwa nani aliandika kuvipunguza? Aisee nilikaa pale nikaona nilikuwa natafuta tukio wakati nilitakiwa nitafute watu.

Kwahiyo ushauri wangu wa kwanza na mkubwa, kabla hujapanda daladala kaa na karatasi uandike kitu chako kilipita kwa nani. Nani aliamua, nani aliandika, nani alipelekewa nakala, nani alilipa. Alafu kila jina liwekee ofisi yake NA MWAKA.

Nasisitiza mwaka kwa sababu ofisi zinahama na majina yanabadilika, hapa ndo watu wengi wanapotea. Chuo chenyewe kilianza Oktoba 1961 mtaa wa Lumumba kwenye jengo la TANU na wanafunzi wa sheria wachache tu, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, 1963 kikaingia kwenye Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, 1964 kikahamia Mlimani, na Julai 1970 ndo kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinachojitegemea. Sasa ukienda kutafuta barua za "Makamu Mkuu wa Chuo" za 1966 utatafuta mpaka jioni, hicho cheo kwetu hakikuwepo, aliyekuwa anaendesha chuo aliitwa Principal, na mwaka huo alikuwa Dk. Wilbert Chagula. Nililijua hilo nikiwa nimeshajaza fomu tatu vibaya.

Au chukua udaktari. Shule ya tiba ilianza 1963 chini ya Wizara ya Afya, 1968 ikawa kitivo cha chuo hiki, 1976 ikaunganishwa na hospitali ikawa Muhimbili Medical Centre, 1991 ikawa chuo kishiriki, 2007 ikawa chuo kikuu kamili. Mtu mmoja aliyefundisha pale kuanzia 1965 mpaka akastaafu, karatasi zake zinaweza kuwa wizarani, zikawa Mlimani, zikawa Upanga pale Muhimbili, na yeye hajawahi hata kubadilisha meza. Kilimo nacho kilikuwa kitivo cha chuo hiki kule Morogoro tangu 1969 mpaka 1984 kilipokuwa Chuo Kikuu cha Sokoine. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilijitegemea 1975. TATAKI, ile taasisi ya Kiswahili ya chuo unayoijua leo, ilikuwa TUKI mpaka 2009, na asili yake ni kamati ya lugha ya mwaka 1930. Ukijua hilo jina la zamani, nusu ya kazi imeisha.

Kitu kingine, jina lililoandikwa kwenye boksi sio lazima liwe la mtu unayemtafuta. Pale Mlimani kwenye mkusanyo wa Afrika Mashariki kuna makaratasi ya Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni, alizunguka sana Usukumani na Uhaya akiandika sheria za mila. Ukitafuta kwa jina la babu yako wa Kisukuma hutamuona kwenye orodha, ila maneno ya wazee kama yeye ndo yamejaa mle ndani. Hivyohivyo ule utafiti wa Maji Maji wa 1968, wanafunzi wa idara ya historia walitumwa vijijini kusini kuhoji wazee waliokuwa bado wanaikumbuka vita. Jalada litaitwa kwa jina la mradi au la idara, lakini aliyeongea ni mzee fulani wa kijiji fulani, na aliyeandika ni kijana wa miaka 20 na kitu ambaye hajulikani popote. Kwahiyo ukinukuu tafadhali sana mtaje huyo mzee, usimtaje profesa peke yake.

Mambo ya taratibu nayapitia haraka: beba barua ya utambulisho kutoka idarani kwako, penseli (kalamu ya wino wanakataza, na wana haki), na uulize mapema kama unaruhusiwa kupiga picha kwa simu. Ukikosa Mlimani nenda Nyaraka za Taifa, Upanga mtaa wa Vijibweni, maana barua iliyotoka chuo kwenda wizarani ilifunguliwa jalada na huko pia. Sheria ya kumbukumbu na nyaraka ya 2002 inaweka miaka 30 ndo nyaraka za umma zifunguliwe kwa kawaida, na majalada binafsi ya watumishi na wanafunzi usitegemee kupewa hata ikipita.

Na kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyefanya kazi chuo chochote, hata kama alikuwa dereva, msiuze makaratasi yake. Kuna mhadhiri mmoja, sitasema wa wapi, alifariki, watu wakagawana samani na maboksi yakaenda kwa muuza vitumbua. Mimi nimenunua kitumbua kilichofungwa kwenye ukurasa wa daftari lake la safari za utafiti, wino wa bluu umelowa mafuta, tarehe inasomeka na jina la kijiji linasomeka nusu. Nilirudi kesho yake kuulizia mengine, yalikuwa yameisha. Sikulala vizuri. Pelekeni maktaba kama yalivyo, msiyapange upya, msichague ya maana, huo mpangilio wenyewe una habari.

Mwisho angalia chini kabisa ya barua za zamani zilizopigwa taipu. Utaona herufi kubwa mbili tatu, mkwaju (/), alafu herufi ndogo. Zile kubwa ni za aliyetunga barua, zile ndogo ni za aliyeichapa. Mama yangu alikuwa mchapaji chuoni miaka ya sabini, na siku nilipofunua barua moja ya kawaida tu ya mambo ya ukarabati wa mabweni nikakuta chini yake herufi zake ndogo mbili, nilishindwa kuendelea kwa muda. Jina lake halipo kwenye orodha yoyote. Nikaomba ruhusa nikapiga picha, jioni nikamuonyesha nyumbani. Akavaa miwani, akaikuza picha kwa vidole, akasema, "Ee, hii ni ile mashine ya ghorofani, ona herufi r inavyoruka juu, nilikuwa nawaambia kila siku waitengeneze."