Siku ya nane baada ya mfungo

Msomaji mmoja ameniandikia: "Mtumishi, nimefunga siku saba, nimeomba, na siku ya nane nimeanguka palepale. Labda mimi sina imani."

Mpendwa, hebu tusilikimbilie hilo la imani. Maneno "huna imani" yameumiza watu waliokuwa wakipigana kwa nguvu zao zote, na mara nyingi yamesemwa na mtu ambaye hakuuliza hata swali moja. Mimi naitazama hiyo siku ya nane. Soma Mathayo 4. Yesu alifunga siku 40 mchana na usiku, kisha akaona njaa, na hapo ndipo mjaribu alipomjia. Jambo la kwanza alilomtajia ni mkate. Jaribu lilikuja mfungo ulipokwisha, likapitia kwenye kile ambacho mwili ulikuwa umekikosa. Wengi wetu tunaupanga mfungo vizuri, lakini siku ya kuufungua hatuipangi kabisa. Mwili umechoka, moyo unajiona umeshinda, na ule ulinzi wa maombi ya pamoja umeondoka.

Kwa hiyo siku ya kufungua iwe na ratiba yake. Kula kidogo, chakula chepesi, kisha ongeza polepole. Lala mapema kuliko kawaida. Jioni hiyo usikae peke yako, na mwambie mtu mmoja tangu kabla ya mfungo kwamba atakupigia siku ya mwisho na siku inayofuata. Usiache kunywa maji siku nyingi ukidhani ndivyo unavyosikika zaidi. Mwenye kisukari, mjamzito au anayetumia dawa za kila siku azungumze na daktari kwanza. Anaweza kufunga vitu vingine, kama simu usiku.

Tatizo la pili liko kwenye neno lenyewe. Tunasema "majaribu" kwa mambo mawili tofauti, na Kigiriki cha Agano Jipya nacho kina neno moja tu, peirasmos. Katika Yakobo 1, aya ya 2 inazungumzia dhiki inayomkuta mtu kutoka nje: ugonjwa, msiba, kuonewa. Aya ya 13 na 14 zinazungumzia tamaa inayomvuta mtu kutoka ndani. Dhiki unaistahimili. Kishawishi unakikimbia. Tunachofanya wengi ni kinyume: dhiki inayotaka saburi tunaikimbia, halafu mbele ya kishawishi tunakaa na kukemea, mlango umefungwa, simu ikiwa mkononi. Paulo anapoandika juu ya zinaa katika 1 Wakorintho 6:18 anasema ikimbieni. Hakusema ijadilini. Yusufu aliliacha vazi lake mikononi mwa mke wa Potifa, bwana wake, akatoka nje, na kabla ya hapo, Mwanzo 39:10 inasema, yule mama alikuwa akimwambia siku baada ya siku. Alikataa mara nyingi, tena ilipofika siku wamebaki wawili tu nyumbani, akatumia miguu.

Sasa mtazame Daudi katika 2 Samweli 11, na uende polepole. Anaondoka kitandani jioni. Anatembea juu ya dari ya jumba lake. Anaona mwanamke akioga. Anatuma mtu kuuliza. Anasubiri jibu. Anaambiwa waziwazi kwamba huyu ni mke wa Uria. Anatuma wajumbe wengine wamchukue. Anasubiri tena. Kati ya jicho na dhambi kuna safari mbili za watu kwenda na kurudi! Ile ahadi ya 1 Wakorintho 10:13, kwamba pamoja na jaribu Mungu atafanya na mlango wa kutokea, ilikuwa inatimia mbele yake kwa sauti ya mtumishi aliyetaja jina la mume. Mlango huo karibu kila mara huwa mwanzoni, tamaa ikiwa bado vuguvugu. Ukiungoja mwishoni utauona mwembamba sana.

Ili uujue mlango wako, chukua daftari kwa siku 14. Kila kishawishi kinapokuja, uwe umeshinda au umeshindwa, andika saa, mahali, ulikuwa na nani, na nini kilitokea saa moja kabla. Usiandike maelezo ya dhambi yenyewe, maana hayo huichochea. Baada ya wiki mbili utaona mambo mawili au matatu yakijirudia: usiku baada ya ugomvi, siku ya kupokea fedha, mchana wa upweke. Kizuizi chako kiweke kabla ya saa hiyo. Simu ilale chumba kingine kabla hujachoka. Fedha iende kwenye matumizi yake kabla hujapita pale unapopita. Tamaa ikikukuta hata hivyo, inuka uende penye watu kwa dakika 20 au 30; mara nyingi itapungua nguvu ikikosa kulishwa.

Chukua na maandiko, ila machache. Yesu alijibu mara tatu, na majibu yote matatu yalitoka Kumbukumbu la Torati, sura ya 6 na ya 8, zinazozungumzia Israeli jangwani. Aliyajibu majaribu ya jangwani kwa maneno ya jangwani. Nawe tafuta aya tatu zinazogusa jambo lako hasa, uzikariri mpaka uweze kuzitamka kwa sauti ukiwa na hasira au usingizi. Kumi ulizozisoma haraka asubuhi hutazikumbuka.

Dhiki ina dawa nyingine. Hapo usijilazimishe kutabasamu. Zaburi ya 13 ina aya sita tu, na mbili za kwanza zinauliza "hata lini" mara nne. Aya ya 3 na ya 4 zinaomba. Mbili za mwisho zinatumaini na kuimba. Andika maombi yako kwa mpangilio huo: lalamiko lako bila kulipaka rangi, kisha ombi moja lililo wazi, kisha jambo moja ambalo Mungu amekwisha kukutendea. Ukishindwa kufika sehemu ya tatu leo, simama hapo. Zaburi ya 88 inaishia gizani, na bado ni maombi.

Eliya aliomba afe, 1 Wafalme 19, akiwa amemwacha mtumishi wake Beer-sheba na kwenda nyikani peke yake. Malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamwamsha mara ya pili ale. Mazungumzo yalikuja baadaye, mlimani Horebu. Nawe ukifika mahali pa kutaka kufa, mwambie mtu leo, na uende hospitali. Kutibiwa si kukosa imani.

Tena kustahimili si kukaa chini ya kipigo. Mfalme Sauli alipomrushia mkuki, Daudi alikwepa na kukimbia usiku uleule. Anayepigwa nyumbani atafute usalama kwanza, na asikubali mtu yeyote amwambie kwamba huo ni msalaba wake.

Wa kumwambia siri yako awe wa jinsia yako, aliyekomaa, ambaye hujawahi kumsikia akisimulia siri za wengine. Mpe swali la kukuuliza, kwa maneno kamili: "Jana usiku simu ililala wapi?" Swali la "unaendeleaje" hujibiwa "Bwana asifiwe", na hapo mazungumzo yamekwisha.

Na wewe uliyeanguka siku ya nane: usianze mfungo mwingine kwa kujiadhibu. Petro alimkana Bwana mara tatu penye moto wa makaa. Yohana 21 inamwonyesha tena penye moto wa makaa, samaki na mkate tayari, naye anaulizwa swali lilelile mara tatu. Alilishwa kwanza. Basi tubu sasa, kwa kuitaja dhambi jina lake, mara moja. Mpigie yule mtu kabla ya kulala. Kula. Kisha fungua daftari uandike ilikuwa saa ngapi.