Wembe butu: usihame kinoo cha kwanza mapema

Kijana unayeingia kazi ya kinyozi hapa Moshi, wembe wa kukunja ukianza kuvuta ndevu badala ya kuzikata, usiupeleke kwa mnoa visu wa baiskeli. Gurudumu lake ni la panga na visu vya jikoni. Makali ya wembe ni membamba, hushika moto upesi mno, na chuma kikishageuka manjano au buluu, ugumu wake umekwenda. Hapo unoe usinoe, hakikai na makali.

Anza kwa kuutazama chini ya taa, makali yakielekea juu. Makali mazima hayaonekani. Sehemu butu au iliyomegeka humeta. Usipoona mmeto, pengine wembe unahitaji tu kupitishwa kwenye mkanda wa ngozi, mara 30 hadi 50.

Ukiona mmeto, tafuta vinoo vya maji namba 1000, 4000 na 8000 (namba ikipanda, chembe ni laini zaidi). Kile cha kijivu chenye pande mbili kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kina chembe kubwa mno. Mwachie mwenye jembe. Kabla ya kunoa, kinyooshe kinoo: kichore miraba kwa penseli, weka msasa wa maji juu ya kioo, sugua mpaka michoro yote ifutike. Kinoo chenye bonde hakigusi makali yote.

Laza wembe, mgongo na makali vyote viguse kinoo. Mgongo ndio kipimo cha pembe, kwa hiyo usiunyanyue hata kidogo. Sukuma makali yakitangulia, kwa mshazari, kuanzia kisigino cha wembe, yaani upande wa makali ulio karibu na mpini, hadi ncha. Ukifika mwisho, ugeuze kwa kuuviringisha juu ya mgongo, kamwe si juu ya makali. Ukikandamiza, wembe mwembamba hupinda, kinoo kikala katikati, na baada ya miezi utakuwa na wembe wenye makali yaliyobonyea kama mundu.

Kwenye namba 1000 ndiko wengi wanakosea, kwa haraka. Pake makali wino wa maka peni pande zote mbili, sukuma mara tano, kisha angalia. Wino ukibaki pembeni kabisa mwa makali, kinoo bado hakijafika huko. Endelea, iwe mara 50 au 200, hadi wembe ukate vinyweleo vya mkono kwa urefu wake wote, kisigino hadi ncha. Ukihamia 8000 kabla ya hapo, unang'arisha ubutu.

Baada ya hapo kazi ni nyepesi: 4000 mpaka mikwaruzo ya 1000 ipotee, kisha 8000 kwa uzito wa wembe wenyewe. Malizia na ngozi, safari hii mgongo ukitangulia. Mkanda uvutwe ukakamae. Ukilegea, unaviringa makali yote uliyoyahangaikia.

Kunoa hakuui vijidudu. Wembe huu uwe wa mteja mmoja. Mteja wa kupita njia mnyoe kwa wembe wa kubadilisha kiwembe. Jik usiutie, inakula chuma. Ufute kwa spiriti, ukaushe hadi kwenye bawaba, upake tone la mafuta ya cherehani, hasa masika, maana hapa chini ya mlima kutu haichelewi.