Kabla hujaandika "quit", tazama unaacha nini

Mamangu mdogo huuza mahamri na mbaazi barazani. Mwaka juzi, akiwa bado Majengo, mwenye nyumba alimletea barua iliyoandikwa juu "Notice to Quit". Akanipa nimsomee, na mimi, bila hata kuimaliza, nikamwambia anatakiwa aache biashara. Siku tatu hakuteleka karai. Kumbe ilikuwa notisi ya kuhama! Siku hizo angekuwa anatafuta chumba. Hilo laniuma hadi leo, ndiyo maana naandika.

"Quit" kwa maana ya kuhama ni ya zamani, na siku hizi utaikuta zaidi kwenye karatasi za sheria. Katika mazungumzo ni kuacha kazi, masomo, au mazoea kama sigara na miraa. Kwenye kompyuta ni kufunga programu.

Linalotuponza ni "acha" letu. Sisi twaacha simu nyumbani, twaacha kazi, mtu amwacha mkewe, yote kwa neno lilo hilo. Kiingereza hakikubali "quit" kwa yote hayo. Simu uliyoisahau ni "I left my phone". Ukisema "I quit my phone", msikilizaji atadhani umeamua kuishi bila simu. Aliyetoa talaka husema "divorced".

Kisha kuna hii "ku" yetu. Kwa kuwa twasema "nimeacha kuvuta", wengi huandika "I quit to smoke". Hapo umesema umeacha kitu ili upate kuvuta! Andika "I quit smoking". Na wakati uliopita haubadiliki: "I quit yesterday". "Quitted" ipo kwa Waingereza, ila ni nadra.

Jihadharini na tahajia pia, maana "quit", "quite" na "quiet" ni ndugu wa damu: yote yanarudi kwenye neno la Kilatini "quietus", aliyetulia. Kwa Kifaransa cha kale likawa la mtu aliye huru, asiyedaiwa. Mimi nayakumbuka hivyo, kwa yule aliyemaliza deni akapumzika.

Kwa barua ya kuacha kazi, nakusihi, usiandike "I quit". Ni kama kumtupia bosi funguo mezani. Andika "I wish to resign", kisha taja siku yako ya mwisho.

Mamangu mdogo sasa yuko Bondeni, na barua za Kiingereza bado huniletea mimi. Huzisoma mpaka sahihi ya chini, kisha narudia, ndipo nimwambie neno.